Mistari Mitatu

Tangazo lilibandikwa ukutani pale Ipogolo,
juu ya tangazo la ng'ombe aliyepotea:
wanatakiwa askari wenye uzoefu,
kazi ya mpakani, Kasumulu.
Fomu ikaja. Jina: Festo Lutangilo Kihwele.
Umri: arobaini na saba.
Uzoefu:
na chini yake mistari mitatu mifupi
kama ngazi ya kuku.

Miaka ishirini na miwili nitaiingizaje humo?
Niandike kwamba lori la mbao likishuka kutoka Mafinga
naujua uzito wake kwa jinsi springi zinavyonung'unika,
kabla dereva hajafikiria uongo?
Kwamba asiye na kosa hukasirika mapema,
na mwenye jambo huanza kwa kusifia buti zangu?
Kwamba usiku mmoja, mlima Kitonga,
nilishika mkono wa utingo mpaka ukapoa,
na asubuhi nikaenda kupima mwendo wa mabasi?
Hilo halina cheti.
Niliandika: Usalama barabarani. Doria. Upelelezi kidogo.
Nukta.

Kwenye usaili, Mbeya, mvua ikipiga bati,
kijana mwenye miwani aliniuliza mpaka ni nini.
Nikajibu kama nilivyokariri usiku
katika gesti ya Mwanjelwa, taa ikizimika kila mara.
Akatikisa kichwa, akaweka tiki.
Wote wawili tulikuwa hatujui.

Semeni alinifungia sweta mbili.
Nikamwambia Kyela ni joto, mama,
huko kakao inaota uani.
Akasema: sweta si ya baridi tu.

Basi nipo hapa, V tatu begani, mwanafunzi tena.
Bosi wangu, Gwamaka, ni rika la mwanangu wa pili.
Ananifundisha mashine ya kusoma pasi,
mimi namfundisha kutazama mikono.
Juzi lilikuja tangi la mafuta lenye matumbo mawili:
yeye alilishuku kwenye karatasi,
mimi nililigonga kwa fimbo
likanijibu kwa sauti mbili.
Tulicheka siku nzima, kila mmoja akidai ni wake.

Lakini Songwe, huu mto, haukusoma sheria.
Masika ukifura unahama mkondo,
unamwacha mzee Anyosisye na mpunga wake ng'ambo:
jana shamba la Tanzania, leo la Malawi,
bila kugongewa muhuri.
Hili hawakuniuliza kwenye usaili,
kwamba nitalinda kitu kinachotembea usiku.

Jumanne, kabla jua halijatoka, akaja bibi Tupokigwe.
Ugonile, akasema.
Mimi, usingizi mdomoni, nikamjibu kwa cha nyumbani: Kamwene.
Akacheka kidogo, kisha akakumbuka.
Dada yake amelazwa mkekani, Karonga, wanamsubiri.
Pasi hana. Hati hana.
Ana kuku mmoja na debe la unga.
Gwamaka alinitazama. Akatazama mashine.
Nikafungua kitabu cha dharura, nikaandika polepole
kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe:
Sababu, msiba. Kurudi, Alhamisi.

Alhamisi haikumleta.
Wala Ijumaa.
Gwamaka hakusema neno, na hilo ndilo lililouma.
Usiku nilipanga maelezo yangu kichwani,
nikayapangua, nikasikia mbu,
nikamsikia yule utingo wa Kitonga akiniuliza saa ngapi.

Jumamosi jioni dirishani palisimama mtu aliyelowa,
kanga ya msiba imemganda kiunoni,
kuku hana, unga hana, sauti ameimaliza.
Hakunisalimia.
"Nifute kwenye kitabu, baba. Nimerudi."

Nikaandika saa: kumi na mbili kasoro robo.
Ile nafasi ya maelezo nayo ina mistari mitatu.
Niliandika neno moja,
nikamrudishia Gwamaka kalamu yake.